Tani Moja Mpakani mwa Kibanja

Ukitaka kuiona tani moja ya hewa ukaa kwa macho, nenda Kamuli, wilayani Kyerwa, usimame mpakani mwa kibanja, pale migomba na mibuni inapokoma na migrevilea kuanza. Zungushia mti mmoja futikamba usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka chini. Wataalamu hukisia uzito wa mti kwa kipimo hicho. Karibu nusu ya mti mkavu ni kaboni, nayo haikutoka ardhini, kama wengi tunavyodhani, bali hewani. Kila kilo ya kaboni ilikuwa kilo 3.67 za hewa ukaa. Kwa hiyo tani moja ya hewa hiyo ni kama kilo 545 za mti mkavu.

Hesabu hii ina wateja. Mradi wa Emiti Nibwo Bulora, yaani miti ndiyo uhai, ulianzishwa na shirika la Vi Agroforestry huko Karagwe na Kyerwa, chini ya kiwango cha Plan Vivo, ili wakulima walipwe kwa miti wanayopanda. Cheti kimoja ni tani moja, na wanunuzi wako mbali. Aliyepanda ndege kutoka Stockholm hadi Dar es Salaam na kurudi, akachoma zaidi ya tani, ananunua cheti na usingizi unamjia.

Lakini je, tani ya mtu mmoja ni kitu? Mwaka 2005 mwanafalsafa Mmarekani, Walter Sinnott-Armstrong, alidai kuwa anayezurura na gari Jumapili kwa starehe hana kosa, maana moshi wake peke yake hauleti mafuriko popote. Hoja inavutia, mpaka uigeuze. Kama tani ya mwenye gari si kitu, mbona ya mkulima ina bei?

Mimi nasema zote zina uzito, ila wabebaji hawalingani. Kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe, Mmarekani wa kawaida hutoa tani 14 hivi kwa mwaka. Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Halafu kuna muda. Mnunuzi hulipa siku moja. Mkulima huulinda mti miaka na miaka, na ada ya shule ikimkaba, shoka liko nyuma ya jiko. Akipasua mbao za paa, kaboni inabaki juu ya vichwa vya wanawe. Akichanja kuni, imesharudi hewani kabla maharage hayajaiva.