Olerai, Mgunga na Mwati: Majina ya Miti na Maarifa Yake Kitengela na Kajiado

Utangulizi

Katika malango ya mitaa mipya ya Kitengela na nyua za hoteli zilizo kando ya barabara iendayo Namanga, mti mmoja umependwa mno kwa urembo wake. Gome lake ni la manjano iliyochanganyika na kijani, miiba yake ni mirefu na myeupe, na maua yake ni vidonge vya manjano vyenye harufu nzuri. Wamaasai huuita olerai. Kiswahili huuweka chini ya jina la jumla, mgunga. Wapandaji wengi wa mijini huujua kwa jina la Kiingereza lenye maana ya "mti wa homa". Wataalamu wa mimea nao waliuita Acacia xanthophloea kwa miaka mingi, na sasa huuita Vachellia xanthophloea. Makala haya yanaeleza jinsi majina hayo yalivyozuka na kuenea, matumizi ya mti huo na jamaa zake, na sababu ya mwanafunzi wa Kiswahili kulitilia maanani suala hili.

Jina lililohama

Neno Acacia lina asili ya Kiyunani. Wayunani wa kale walilitumia kwa mti wa miiba wa Misri. Mnamo mwaka wa 1754, Mwingereza Philip Miller alilifanya jina la jenasi, na mti uliochukuliwa baadaye kuwa kielelezo chake ni mgunga wa mto Nile, ambao Wamaasai huuita olkiloriti. Kwa hiyo, mmiliki wa kwanza wa jina hilo ni mti wa Afrika.

Baadaye jina hilo lilienezwa hadi kwa miti ya Australia, ambayo spishi zake ni takribani 1,000. Walowezi wa Kiingereza waliiita miti hiyo "wattle", neno linalohusu ukuta wa fito zilizosukwa, kwa kuwa waliyasuka matawi yake na kuyakandika udongo, sawa na ijengwavyo nyumba ya fito na udongo Afrika Mashariki.

Utafiti ulipobainisha kwamba miti hiyo yote si ya ukoo mmoja, swali likazuka: ni nani abaki na jina? Kwa kanuni ya utangulizi, haki ilikuwa ya miti ya Afrika. Hata hivyo, kongamano la wataalamu wa mimea lililofanyika Vienna mwaka wa 2005 liliiachia Australia jina la Acacia ili spishi chache zaidi zibadilishwe majina. Kongamano la Melbourne la mwaka wa 2011 likaushikilia uamuzi huo. Migunga ya Afrika ikagawanywa hasa katika jenasi za Vachellia na Senegalia. Jina la Vachellia linamkumbuka George Harvey Vachell, kasisi wa Kiingereza aliyekusanya mimea nchini Uchina. Hivyo ndivyo mti wa Kajiado ulivyopata jina la mtu ambaye sifa yake katika elimu ya mimea ilitoka Uchina.

Mwati, mgeni aliyebatizwa Kenya

Jamaa wa Australia anayejulikana zaidi nchini Kenya ni mwati, jina lililotoholewa kutoka "wattle". Mti huu uliletwa mwanzoni mwa karne ya ishirini kwa ajili ya gome lake, ambalo hutoa dawa ya kusindikia ngozi, na kuni zake zikapendwa pia. Ulienea katika nyanda za juu zenye mvua. Wakikuyu waliuita mũthanduku, jina linalofanana na thanduku, yaani sanduku la Kiswahili.

Historia ya jina lake la kitaalamu, Acacia mearnsii, inashangaza. Kielelezo chake kilikusanywa Thika mwaka wa 1909 na Edgar Mearns, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa katika msafara wa Theodore Roosevelt. Mbelgiji Émile De Wildeman akalichapisha jina hilo mwaka wa 1925. Basi mti wa Australia ulipewa jina kwa tawi lililokatwa Kenya, na jina la Acacia ukabaki nalo, ilhali mwenyeji alipokonywa lake. Aidha, mwati umeorodheshwa miongoni mwa viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani.

Majina ya Kimaasai na maarifa yake

Jina la "mti wa homa" lilitokana na kosa. Wazungu waliolala kwenye vinamasi walipougua malaria waliulaumu mti uliomea hapo. Mwaka wa 1897 Ronald Ross alithibitisha kwamba viini vya malaria hukaa ndani ya mbu, lakini mti haujasafishwa jina hadi leo. Kwa Wamaasai, olerai ni mti wa palipo na maji. Msitu wa Lerai ulio katika kreta ya Ngorongoro umepata jina kwake.

Jamaa zake nao wana majina yao. Oltepesi ni mgunga wenye umbo la mwavuli; kivuli chake hupumzisha watu na mifugo, maganda yake hulishwa mbuzi, na kituo cha Oltepesi kwenye barabara ya Magadi kinabeba jina lake. Oiti, ambao kwa Kiswahili ni kikwata, husifika kwa asali. Gome la olkiloriti huchemshwa katika supu ya nyama. Eluai ndio mti wa udongo mweusi wa mbuga za Kitengela. Sisimizi huishi katika vinundu vyake, na upepo upitapo katika matundu yake husikika kama mluzi. Hata kiambishi kina maana: ol- ni cha jinsia ya kiume, na aghalabu huashiria ukubwa, ilhali e- ni cha kike na huashiria udogo. Mwanafunzi wa ngeli atakumbuka ki- ya kikwata.

Kiswahili kifanye nini?

Kitengela imekua upesi. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu humo zaidi ya watu 150,000. Mashamba ya pamoja yamegawanywa, eluai hukatwa kwa makaa na kupisha nyumba, kisha olerai hupandwa langoni kwa urembo. Watoto wa Kimaasai, Kikamba na Kikuyu hukutana humo kwa Kiswahili, lakini Kiswahili huwapa neno moja tu kwa karibu miti hiyo yote: mgunga.

Huenda ikadaiwa kwamba neno moja linatosha. La hasha! Anayehitaji mgunga wa kustahimili ukame akapewa olerai, mti upendao maji, atauona ukidhoofika. Jina lisilopambanua humtia hasara mpandaji.

Kiswahili kimekwisha kukopa morani na manyata kutoka Kimaasai. Hakuna kizuizi cha mlerai, mtepesi na mluai kuingia katika ngeli ya U-I na kupata nafasi katika kamusi. Makongamano ya wataalamu yalikwisha kuamua kuhusu Acacia, na uamuzi huo hauko mikononi mwa wasemaji wa Kiswahili. Majina ya mlango wa pili, yale yanayojua mti unamea wapi na unafaa nini, yangali mikononi mwao. Yakusanywe wazee wanaoyajua wakiwa hai, na miti yenyewe ikiwa ingali imesimama.