Kifua kisikutoe uwanjani

MAFIA. Jioni pale Kilindoni jezi zikikosekana, utaratibu ni uleule: hawa wanavaa, wale wanavua. Hapo ndipo kijana mwenye matiti yaliyovimba anaposingizia goti na kukaa nje.

Kitaalamu hali hiyo huitwa jinekomastia. Huwapata vijana wengi wakati wa balehe, na mara nyingi huisha yenyewe ndani ya miezi 6 hadi miaka 2. Kwa hiyo, usikimbilie kisu. Daktari kwanza hupima homoni na ini, na kuuliza dawa unazotumia. Zile sindano za kujaza misuli nazo husababisha. Donge gumu upande mmoja lisisubiri.

Isipoisha, safari ni boti hadi Nyamisati, kisha Dar es Salaam kwa bingwa wa upasuaji rekebishi. Mgonjwa hupewa nusukaputi, mafuta hunyonywa na tezi hutolewa kupitia mkato mdogo pembeni ya chuchu. Kwa kawaida ni kazi ya saa 1 au 2.

Baadaye ni fulana ya kubana kwa wiki kadhaa. Uvimbe na ganzi vitakuwepo. Ukiona homa au usaha, rudi hospitali. Mazoezi ni mdogo mdogo, na mechi za kugongana husubiri kama wiki 6, daktari akiruhusu.

Siku hiyo ukipangwa upande wa wanaovua, goti halitauma.