Faili Kwanza, Wakili Baadaye

Simu inaingia Reading au Minneapolis kutoka nyumbani Mbeya: mtoto alizaliwa bila kulia, sasa ana miezi minane na shingo haijakaza. Ndugu walio nje huanza kuchanga pesa ya wakili. Naomba tuulize kwanza faili la hospitali liko wapi.

Mama akiwa na uchungu, mkunga hujaza patografu, karatasi ya miraba ambamo mapigo ya moyo wa mtoto hutiwa nukta kila nusu saa. Nukta zikikoma saa nane usiku na upasuaji ukafanyika saa kumi na mbili asubuhi, kesi itasimama kwenye pengo hilo. Karatasi isipopatikana, linabaki neno la mama na neno la wodi. Iwe ni hospitali ya Meta kule Mbeya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, mama mwenyewe aombe nakala kwa barua, abaki na kopi iliyogongwa muhuri.

Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Kwa mtoto, muda huo huanza kuhesabiwa akitimiza miaka 18, lakini nafuu hiyo isitupumbaze: mafaili hupotea, wakunga huhamishwa. Hospitali ya Serikali hupewa kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha kesi hufunguliwa Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Mbeya na Iringa.

Kigumu zaidi ni kuthibitisha chanzo cha hali ya mtoto. Mtindio wa ubongo huweza pia kuletwa na manjano kali, maambukizi au kuzaliwa njiti, kwa hiyo daktari bingwa lazima asome faili na akubali kutoa ushahidi. Baraza la Madaktari Tanganyika au Baraza la Uuguzi na Ukunga linaweza kumwadhibu mhudumu. Fidia hutolewa na mahakama.

Wakati kesi ikisubiri, mtoto anahitaji mazoezi ya viungo; hata kwa aliyeumia kwa namna nyingine, mkono uliolegea kwa sababu bega lilikwama wakati wa kuzaliwa mara nyingi hurudia nguvu ukianza kushughulikiwa mapema. Kwa familia iliyoko Rungwe, kila safari ya kwenda kwenye mazoezi Mbeya mjini ni nauli. Mchango wetu uanzie hapo, na kila risiti itunzwe, maana gharama zinazodaiwa mahakamani hazikubaliwi kwa maneno matupu.