Lori la Kahawa na Uzito wa Maganda

Msimu wa kahawa mkoani Kagera, lori linalokwenda kukusanya magunia katika vyama vya msingi vya ushirika huondoka Bukoba tupu na kurudi limejaa. Ghala likiwa Nshambya au kata nyingine yoyote ya Manispaa, dizeli haihesabiwi kwa kilomita peke yake. Huhesabiwa kwa uzito uliobebwa katika kila kilomita.

Mwaka 1959 George Dantzig na John Ramser walichapisha hesabu ya kupanga safari za malori ya petroli kutoka bohari moja kwenda vituo vingi. Walitafuta umbali mfupi kuliko wote, na hesabu nyingi zilizofuata zimejengwa juu ya hiyo. Kwa mkusanyaji wa kahawa, umbali mfupi ni nusu tu ya jibu.

Chukua ghala na vyama viwili vilivyokaa pembetatu, kila upande kilomita 10. Chama kimoja kina tani 6, kingine tani 2, na lori tupu lina tani 5. Likianzia kwenye tani 6, litafanya kazi ya tani-kilomita 50, kisha 110, kisha 130: jumla 290. Likianzia kwenye tani 2, jumla ni 250. Kilomita ni 30 zilezile, dereva yuleyule, ila kazi imepungua kwa karibu asilimia 14. Mzigo mzito huchukuliwa mwisho.

Milima huivuruga kanuni hiyo. Kupandisha tani moja mita 100 kunadai nishati sawa na kuivuta kilomita 10 hivi kwenye lami tambarare, ukiacha upinzani wa hewa. Kutoka Muhutwe, kusini mwa Bukoba, lori laweza kufika Muleba kwa barabara kuu au kupitia Kamachumu, juu kwenye uwanda. Likipakia Muleba kwanza kisha lipitie Kamachumu, litapandisha mzigo ambao ungeweza kubaki chini. Likipanda tupu na kupakia Kamachumu, litakuwa limeokoa mwinuko huo, lakini mzigo wa juu utazunguka hadi Muleba. Hapo hakuna jibu la kudumu. Uamuzi unategemea magunia yako wapi wiki hiyo, na kama mvua imeiharibu barabara ya udongo.



Lakini akiba kubwa zaidi imefichwa ndani ya gunia. Kilo 2 za kahawa ya maganda, yaani robusta iliyokaushwa na ganda lake, hutoa takriban kilo 1 ya kahawa safi. Nusu ya shehena basi ni ganda linalosafirishwa hadi mjini, ilhali kibanja ilimokua kahawa hiyo kinalihitaji kama matandazo. Kahawa ya mfano ule wa pembetatu ikikobolewa karibu na vyama, tani 8 zinakuwa 4, na kazi ya 250 inashuka hadi 200. Gharama yake ni mashine, umeme na ukaguzi wa ubora vijijini, mambo ambayo kiwanda kikubwa cha mjini huyamudu kwa urahisi zaidi. Njia ya kati ni kukobolea Muleba au Kamachumu kahawa ya kusini, na kuiacha ya vijiji vilivyo jirani na Bukoba ije na ganda lake.