Kilabu cha Pombe na Jamii Yake: Mfano wa Chumbi na Bonde la Rufiji

1.0 Utangulizi

Mgeni anayetaka kuijua jamii ya kijiji kwa kawaida huelekezwa msikitini, shuleni au barazani kwa mzee. Ni nadra kuelekezwa kilabuni. Hata hivyo, katika vijiji vingi vya Tanzania, kilabu cha pombe ni miongoni mwa mahali pachache ambapo mkulima, mvuvi, fundi na mpita njia hukaa benchi moja bila kualikana. Mada hii inaeleza jinsi mahali hapo palivyotokea, jinsi jina lake lilivyoingia katika Kiswahili, na kinachopatikana na kupotea pale linapofunguliwa au kufungwa. Mfano unaozingatiwa ni Chumbi, kusini mwa mto Rufiji, jirani na Muhoro, katika barabara iendayo Kilwa na Lindi. Eneo hili ni la Wandengereko na Wamatumbi, ambao wengi wao ni Waislamu. Kwa sababu hiyo, unywaji hapa umekuwa daima jambo lenye mjadala.

2.0 Kabla ya kilabu

Kinywaji cha asili cha mwambao ni tembo, yaani utomvu wa mnazi uliochachuka. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara kwa kotama na kufunga chombo cha kukingia. Likinywewa mapema huitwa tembo tamu. Likikaa huwa tembo kali. Likipitiliza huwa siki. Kwa hiyo tembo halingoji. Lazima linywewe karibu na linapogemwa, na wanywaji ndio wanaomfuata mgema. Methali isemayo mgema akisifiwa tembo hulitia maji imetokana na uhusiano huo: mnywaji ndiye mkaguzi wa ubora, na mkaguzi anayesifu ovyo hujipunja mwenyewe.

Pombe ya nafaka ina utaratibu tofauti. Huhitaji kimea, chachu na siku kadhaa za kuandaliwa, na katika sehemu nyingi za Tanzania wapika pombe ni wanawake. Hapo zamani pombe hii iliandamana na ujima: mwenye shamba aliwaita majirani kulima, kisha akawakirimu kwa chakula na kinywaji. Mahali pa kunywea palikuwa ua wa mtu, na saa ya kunywa ilikuwa baada ya kazi.

3.0 Neno na sheria

Neno kilabu limetoka katika Kiingereza, ambako lina maana ya chama au mahali pa wanachama. Kiswahili kililipa irabu ili kuvunja mfuatano wa konsonanti, likawa kilabu. Silabi ya kwanza ikachukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli ya KI-VI, na wingi wake ukawa vilabu, kama vile neno la Kiarabu kitabu lilivyozaa vitabu. Maana nayo ilihama: kilabu cha Waingereza kilikuwa cha wachache waliochaguliwa, ilhali kilabu cha kijijini ni cha yeyote mwenye bei ya kikombe. Leo msamiati unatofautisha matabaka. Baa na grosari huuza bia ya chupa. Kilabu huuza pombe ya kienyeji.

Tofauti hiyo ina mizizi katika sheria. Mikataba ya Brussels ya mwaka 1890 na Saint-Germain-en-Laye ya mwaka 1919 ililenga kuwazuia Waafrika kupata vileo vikali vilivyoagizwa kutoka nje. Pombe ya kienyeji ilibaki kinywaji chao halali, lakini iliwekewa vibali na ushuru. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1966 ilishughulikia pombe ya moshi, na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ikaweka utaratibu wa leseni. Aliyekeneka gongo kichakani alibaki mkosaji.

4.0 Makazi, barabara na usiku

Wakazi wengi wa bonde la Rufiji waliishi wametawanyika karibu na mashamba yao ya mpunga, wakilinda mazao kutoka katika madungu. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji iliwahamishia watu wengi kwenye ardhi ya juu. Makazi ya pamoja yalileta shule na zahanati karibu. Pia yaliwezesha wanywaji waliozoea nyua za watu kukutana mahali pamoja.

Barabara nayo ilileta mengine. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003 na kuondoa adha ya kivuko, kisha lami kati ya Ndundu na Somanga ikakamilika katika miaka ya 2010. Bia ya chupa na viroba vilifika kwa urahisi, hadi viroba vya plastiki vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Mwaka huohuo, kutokana na mauaji ya viongozi wa vijiji na askari katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, bodaboda zilizuiwa kusafiri usiku. Pale watu wanapoogopa kutoka jioni, kilabu na baraza hufungwa pamoja, na kijiji hukosa mahali pa kuulizana habari.

5.0 Hitimisho

Kilabu hakistahili kusifiwa tu wala kulaaniwa tu. Mwanamke mmoja hununua sare za watoto kwa fedha ya pombe aliyoipika. Jirani yake huona fedha ya korosho za mumewe ikiishia palepale. Gongo isiyopimwa huweza kupofusha na kuua. Wakati huohuo, kilabuni hutaniwa, husuluhishwa, hutafutwa vibarua na hutungwa misemo. Serikali ya kijiji inayotaka kukifunga kilabu yafaa ijiulize kwanza maswali mawili: mpika pombe atakula nini, na wazee waliokuwa wakikaa pale watakaa wapi. Ikiwa hakuna jibu, pombe haitakwisha. Itarudi uani na vichakani, ambako hakuna anayeonja kabla ya kusifu.