Sotoka, Nyumbu na Migunga ya Serengeti

Mtu atazamaye leo migunga iliyosongamana katika sehemu za Serengeti ambazo miaka ya 1960 zilikuwa nyasi tupu, aghalabu atadhani kwamba sababu yake ni mvua au tabia ya udongo. Walakini chanzo chake kikubwa ni maradhi ya ng'ombe yaliyokomeshwa, na kisa hicho chastahili kusimuliwa taratibu, kwa kuwa chabainisha jinsi viumbe, kwa kula na kuliwa kwao, wanavyoiendesha nchi nzima.

Maradhi yenyewe ni sotoka. Iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na haikupita miaka mingi ikawa imefika Umasaini, ikafyeka mifugo na kuwaachia wenyewe njaa kali. Baada ya balaa hilo haikuondoka, bali ilikaa ndani ya ng'ombe, na kutoka kwao ikiwarukia nyumbu na nyati, ikiwaua hasa ndama waliokwisha kuacha ziwa na kupotewa na kinga waliyoirithi kwa mama zao. Ndipo ng'ombe wa wafugaji walioizunguka mbuga walipochanjwa, na chanjo iliyokuja kusifika kuliko zote ilitengenezwa na daktari wa mifugo Walter Plowright huko Muguga, Kenya. Nyumbu wenyewe hawakuchanjwa. Lakini madhali ng'ombe ndio waliokuwa ghala la maradhi, kufikia katikati ya miaka ya 1960 nyumbu nao walikuwa wamesalimika. Mwaka 1961 idadi yao ilikadiriwa kuwa kama 260,000; mwaka 1977 walipita 1,300,000.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kufuatana. Nyasi ambazo zamani zilibaki wima hadi kiangazi, zikakauka na kuupa moto chakula, sasa zililiwa zingali mbichi, na moto ukapungua mwaka baada ya mwaka. Na kwa kuwa moto ndio unaoiunguza miche ya miti kabla haijapata kimo cha kunusurika, miche ilisalimika ikawa miti. Twiga wakapata majani, simba na fisi wakapata mawindo. Wataalamu waliopiga hesabu ya kaboni wamekuta kwamba nchi ile, iliyokuwa ikiitoa hewani kwa moto, iligeuka ikawa inaihifadhi ndani ya miti na udongo wake. Naona ajabu kubwa katika jambo hili: kirusi kisichoonekana kwa macho, kikaacho ndani ya ng'ombe, kilikuwa na amri juu ya miti ambayo hakikuigusa kamwe.

Hata hivyo wingi wa nyumbu usitusahaulishe majirani zao, maana nyumbu hali kila kitu. Pundamilia, ambaye tumbo lake lastahimili mabua magumu, hupita mbele akaondoa majani marefu. Nyumbu humfuata akala yaliyo laini zaidi. Kisha swala tomi, mwenye mdomo mdogo, huokota machipukizi mafupi yaliyofunuliwa na waliomtangulia. Watatu hao hawashindani kama mtu anavyoweza kudhania, bali kila mmoja hutumia sehemu ya nyasi isiyomfaa mwenziwe, na kwa njia hiyo ardhi ile ile hulisha wanyama wengi kuliko ambavyo jamii moja peke yake ingeweza.

Mto Mara nao una fungu lake. Kila mwaka nyumbu zaidi ya 6,000, kwa wastani, hufa maji wakiuvuka katika kuhama kwao. Nyama yao huliwa na mamba, samaki na tai, na mifupa yao, ambayo huchukua miaka kadhaa kuoza, huendelea kuachia fosforasi majini muda mrefu baada ya kundi kusahaulika.

Sotoka ilitangazwa kutoweka duniani mwaka 2011, na hatari ya leo ni ya namna nyingine: nyua, mashamba na barabara zinazoweza kuzikata njia za nyumbu kati ya Tanzania na Kenya. Nyumbu akizuiliwa kuhama hupungua, na tumekwisha kuona kwamba apunguapo hupungua pamoja na mengi. Kwa hiyo nawasihi wenye madaraka ya kugawa ardhi pande zote mbili za mpaka waziache njia hizo wazi.