Salopeti ya Jinzi: Namna ya Kumshonea Mtoto Mdogo

Wengi wametuuliza sisi wa kikundi cha kushona: kwa nini tunaokota pantalo za zamani za jinzi, hata zile zimekwisha kupasuka magoti? Leo tunajibu.

Salopeti, tunajua wote, ni pantalo na kifua vimeshonwa pamoja, na mikanda miwili inapita begani. Neno lenyewe tulilipokea kwa Wafaransa. Zamani ilikuwa nguo ya kazi: fundi wa motokari aliivaa ili mafuta yasiharibu nguo za ndani. Kwa mtoto mdogo inafaa vilevile, maana anatambaa, anaanguka, anakaa katika udongo. Tena haishuki kiunoni kama pantalo.

Jinzi ni pamba tu, lakini imefumwa kwa namna yake. Uzi mmoja unapita juu ya nyuzi mbili au tatu, kisha chini ya moja, na hivyo mistari ya kuinama inaonekana. Nyuzi za urefu zimetiwa rangi ya buluu, zile za upana ni nyeupe. Njo maana ukigeuza nguo, ndani iko nyeupe-nyeupe. Nyuzi zimekazana sana, kwa hiyo kitambaa kinadumu.

Sasa tuseme kosa letu. Salopeti ya kwanza tuliishona vizuri kwa macho. Tulimvalisha mtoto wa jirani wa miaka mitatu, na watu wote wakasema: «Aka! Hii njo muzuri!» Kisha mtoto akataka kwenda chooni. Vifungo vilikuwa vikubwa, matundu yake madogo. Akavuta, akavuta, akaanza kulia. Tulipofika tulikuta amekwisha kujilowesha, na wenzake wanamucheka. Kosa halikuwa la mtoto. Sisi tulishona kwa ajili ya wale wanaotazama, tukasahau yule anayevaa.

Tangu siku ile tunafuata mambo haya:

1. Kufua mbele ya kukata. Jinzi mpya inaweza kurudi nyuma ikiguswa na maji. Ifue kwa maji ya moto, iyanike, uipige pasi, ndipo ukate. Pantalo ya zamani ya mtu mzima imekwisha kurudi. Miguu yake inatosha kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu. Acha magoti, kata pale kitambaa kingali kizima.

2. Kupima. Pima kifua, matako, urefu wa mguu, na toka begani kupita katikati ya miguu mpaka begani nyuma. Kipimo hiki cha mwisho njo kikubwa. Kikiwa kifupi, mtoto akiinama nguo inamukata. Mwambie achutame, kisha upime. Kwa kifua na matako ongeza santimeta 8 mpaka 10.

3. Kushona. Tia sindano ya namba 16 na uzi wenye nguvu. Mshono wa miguu na wa katikati ukunje na uushone mara mbili, ncha za kitambaa zifichwe ndani, ili zisimukwaruze mtoto. Pale mishono inapokutana, kitambaa kinakuwa kinene sana, sindano inapinda, inagonga chuma na kuvunjika. Hapo gonga mshono kwa nyundo ndogo ulainike, acha kukanyaga mashini, zungusha gurudumu kwa mkono polepole.

4. Pembe za mifuko. Mwaka 1873, kule Marekani, Levi Strauss na Jacob Davis walipata hati ya serikali kwa kutia misumari midogo ya shaba katika pembe za mifuko, maana pale njo pantalo za wafanyakazi zilianza kupasuka. Sisi hatuna misumari ile, na kwa mtoto hatuitaki. Tunapitisha uzi pale pale mara nyingi, kwenda na kurudi. Inatosha.

5. Nafasi ya kukua. Mtoto hakungoji. Chini ya mguu kunja santimeta 6 mpaka 8, uzifungue kidogo kidogo. Mikanda iwe mirefu kuliko mahitaji ya leo, na kila mmoja uwe na matundu mawili au matatu ya kifungo.

6. Kufungua. Matundu ya kifungo yawe mapana kidogo. Nyuma kiunoni tia lastiki, ili nguo ishuke upesi mikanda ikifunguliwa. Kwa mtoto wa nepi, acha wazi mshono wa ndani ya miguu, utie vifungo vya kubana. Vuta kila kifungo kwa nguvu mbele ya kumpa mtoto nguo. Kikitoka mkononi mwako, kitatoka mdomoni mwake, naye atakimeza.

Mwisho, jaribu namna hii: mpe mtoto nguo, uketi, usimsaidie. Akiweza kuifungua peke yake, umeshona. Akishindwa, rudi kwa mashini. Yule wa jirani tulimshonea ya pili. Tulipotaka kumusaidia alisukuma mikono yetu: «Wacha! Miye mwenyewe!»

Hilo si jambo dogo hapa kwetu. Tangu vita ilipozidi mwaka 2022, jamaa nyingi za Rutshuru zimekimbia na kurudi, na watoto wengi walitoka nyumbani na nguo moja tu mwilini. Mtoto wa namna hiyo hana ya kubadilisha ikilowa. Mama yake ana mzigo kichwani na mwingine mgongoni, hawezi kusimama kila mara kwa vifungo.

Basi, mwenye pantalo ya jinzi iliyochoka, asiifanye kitambaa cha kupangusa. Ailete kwetu. Na mwenye kutaka kujifunza aje vilevile, wavulana pia: mashini haiulizi nani anakanyaga.